Wakuu, nimeachiwa gramafoni na santuri za jazi za miaka ya 1920: nizipige au nizihifadhi?

MtangaWaChicago

Heshima kwenu wakuu.

Niko Chicago, South Side. Bibi mmoja jirani yangu amehamia kwa mwanawe jimbo jingine na ameniachia gramafoni ya Victrola: kabati refu la mbao, kifuniko juu, milango miwili midogo mbele, mpini wa kukazia ubavuni. Imekuja na masanduku mawili ya santuri. Kuna mwimbaji Bessie Smith kwenye lebo ya Columbia, kuna Louis Armstrong na bendi yake ya Hot Five kwenye lebo ya Okeh, na bendi nyingine ambazo ndiyo kwanza nayasikia majina yao. Sharti la bibi lilikuwa moja: nisizifungie. Anataka zipigwe, watu wasikie.

Nami nalitaka hilo kwa moyo wote. Hot Five walirekodi hapa hapa mjini, na Lincoln Gardens, ukumbi aliofikia Armstrong mwaka 1922 alipoitwa na kiongozi wa bendi King Oliver kutoka New Orleans, ulikuwa Mtaa wa 31, si mbali na ninapokaa. Nataka kualika Waswahili wenzangu na majirani jioni moja kila mwezi, tukae tusikilize. Baba yuko Tanga, ni mpenzi wa dansi tangu ujana wake, naye nataka nimtumie sauti yake.

Kinachonizuia ni kwamba nimesoma gramafoni inakula santuri. Sindano niliyoikuta humo sijui imetumika kiasi gani, kwa hiyo sijapiga hata moja. Halafu santuri chache ni nene ajabu, kama milimita 6 hivi, zimeandikwa Edison. Naombeni ushauri: nipige zipi, niache zipi, na nizisafishe kwa kitu gani?

MzeeWaSanturi

Hongera kijana wangu, na vizuri umeuliza kwanza.

Sindano ndiyo inayoua santuri nyingi, kwa hiyo tuanze nayo. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu. Upande ukiisha, itoe, weka mpya. Santuri hizi ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu, iliyochanganywa na unga wa mawe, na unga ule uliwekwa makusudi usage ncha ya sindano mpaka ikae sawasawa na mfereji. Baada ya dakika kama 3 ncha imeshapata kingo. Ukiipeleka mwanzo wa santuri nyingine, kingo zile zinachonga kuta za mfereji. Ule unga wa kijivu unaobaki kwenye ncha ndiyo muziki wenyewe unaoondoka. Paketi za sindano mpya zinapatikana na bei yake haiumizi. Chukua za sauti ya wastani au laini, kwa sebule zinatosha. Milango ile ya mbele ndiyo ya kupandishia na kupunguzia sauti.

Za Edison usiziguse na Victrola. Mfereji wa santuri za Victor (ndio watengenezaji wa Victrola), Columbia au Okeh unaitikisa sindano kushoto na kulia. Wa Edison unaitikisa juu na chini, nao ulikusudiwa ncha ya almasi kwenye mashine ya Edison mwenyewe, mizunguko 80 kwa dakika. Sindano ya chuma itaukwangua na wala hutasikia cha maana. Santuri nyingi za zamani za Pathé nazo zina mfereji wa namna hiyo.

Sasa miaka. Hadi 1925 wanamuziki walikuwa wakipiga mbele ya pembe kubwa, hakuna maikrofoni, na nguvu ya sauti yao ndiyo iliyochora mfereji. Victrola kama hiyo yako ilitengenezwa kwa santuri za namna hiyo, na zikikutana utashangaa jinsi kornet, ndugu wa tarumbeta, inavyojaa chumbani. Kuanzia 1925 ikaja rekodi ya umeme, yaani ya maikrofoni, yenye besi nzito na mfereji unaoyumba kwa nguvu zaidi. Mkono wa sauti wa mashine za kabla ya hapo ni mzito na mgumu, hauufuati vizuri mfereji huo. Victor wenyewe ilibidi watoe mashine mpya, Orthophonic, mwishoni mwa mwaka huo. Kwa hiyo za kabla ya 1925 piga kwa raha zako. Za baada ya hapo piga kwa kuchagua. Na zile za miaka ya 1940 usizipige kabisa, nyingi ni laini, zilitengenezwa kwa mashine za umeme zenye mkono mwepesi.

Kusafisha: usitumie spiriti, inayeyusha shelaki. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone la sabuni ya vyombo, brashi laini kwa kufuata mzunguko wa mfereji, lebo isilowe, kausha papo hapo. Za Edison usizitie maji, yakipenya zinafura ndani. Zote zisimamishe wima, zisiegemee wala kulaliana.

Mhifadhi_Dom

Mimi napingana na mzee kidogo. Hot Five za Okeh si za kuchezea hata kwa sindano mpya. Kila pigo linaondoa kitu. Afadhali azirekodi mara moja kwa mashine ya kisasa, kisha azipeleke maktaba. Muziki wenyewe umeshahifadhiwa kidijitali, anayetaka kusikia atausikia.

BintMkunazini

Kaka Mhifadhi, kuhusu Hot Five naafiki, lakini si kwa sanduku zima. Bibi aliyempa alisema zisikilizwe, na huyo ndiye mwenye mali.

Niko Muscat. Nyumbani tuna gramafoni ya HMV ya mkoba iliyotoka Unguja na santuri za Siti binti Saad, aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928. Fikirieni, mwaka huo huo Armstrong yuko studio Chicago, na huyu wetu yuko Bombay, wote kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Tukiipiga, watu hukaa kwa namna ambayo simu haijawahi kuwakalisha. Hakuna kurusha wimbo mbele. Upande mmoja ni dakika 3, kisha mtu anainuka kugeuza, na pale katikati wazee wanaanza kusimulia. Mimi naipenda ile nafasi kuliko kitu kingine chochote.

Ushauri wangu kwa jioni zako: mmoja ashike mpini, mwingine sindano, na ziwepo bakuli mbili, ya mpya na ya zilizotumika, mbali na watoto. Pande nane au kumi za santuri zinatosha kwa usiku. Na ukipata santuri ya taarabu ya enzi hizo, ichanganye humo humo.

FundiKamani

Mkuu, kabla ya yote angalia kamani, ile springi ya ndani inayokazwa kwa mpini. Ikikaa miaka, grisi inaganda. Ukisikia kishindo ndani wakati inazunguka, ni kamani inanata na kuachia. Mpelekee fundi anayejua, usiifungue mwenyewe, ina nguvu ya kuvunja vidole. Kaza mpaka uhisi imekuwa nzito, ishia hapo. Ukimaliza usiku, iache izunguke mpaka iishe.

Spidi: chomeka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri, weka sindano, hesabu. Mizunguko 13 kwa sekunde 10 ndiyo 78. Hesabu sindano ikiwa juu ya santuri, maana uzito wake unapunguza mwendo. Sauti ikiwa na mkwaruzo wa bati, kagua mpira unaoshika kiwambo kwenye kisanduku cha sauti, kile kinachobeba sindano. Ukiwa mgumu kama plastiki, ubadilishwe.

Mdau_Minneapolis

Kuhusu kumtumia baba yako sauti: weka simu kama mita moja mbele ya milango, isikae juu ya kabati, itanasa mtetemo wa mota. Na uitume kama faili, siyo ujumbe wa sauti, kwa sababu ule unabanwa kwa ajili ya maongezi tu.

Ukitaka kuweka hadharani, sheria ya hakimiliki ya Marekani inaachia rekodi za kipindi hicho mwaka kwa mwaka. Zilizotolewa kabla ya 1923 zilikuwa huru 1 Januari 2022, za 1923 zikafuata 1 Januari 2024, za 1924 mwaka 2025. Kwa hiyo King Oliver wa 1923 unaweza kumweka mtandaoni. Tarehe zitafute kwa namba iliyochongwa karibu na lebo. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kina orodha kubwa ya rekodi za Marekani ya bure.

MtangaWaChicago

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimeshazitenga. Edison na za miaka ya 1940 zimewekwa kando. Hot Five nitazirekodi kwa mashine ya kisasa kwanza, kisha nitapiga upande mmoja tu usiku wa kwanza, bibi akiwa kwenye simu anasikiliza, maana ni zake. Zilizobaki za kabla ya 1925 ndizo za kila mwezi. Mzee, Bessie Smith mmoja ana ufa mwembamba kutoka ukingoni, haujafika kwenye lebo. Anapigika?

MzeeWaSanturi

Marahaba. Ufa ukishaingia kwenye mifereji usimpige kwa chuma, sindano itaukamata na kuupasua zaidi. Huyo mpeleke kwenye mashine nyepesi arekodiwe mara moja, kisha apumzike katikati ya kadibodi mbili. Na siku hiyo ya kwanza ikipita, tuletee mrejesho hapa, na uandike mlianza na nani.