Harufu tamu ya kulanti (maji ya kupozea injini) kwenye Impreza WRX, chini hakuna hata tone (Tanga)

MwanaChumbageni

Habari za jioni wadau. Naomba mawazo yenu kabla sijaruhusu mtu ashike spana.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2002, ile ya taa za duara, injini EJ20 ya tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), gia za mkono. Mizunguko ya mjini, Chumbageni kwenda Raskazone na kurudi, haina shida. Nikitoka safari ndefu kidogo, nikaegesha na kuzima, inatoka harufu tamu nzito kama dawa ya kikohozi, na inaingia mpaka ndani kupitia matundu ya hewa. Baada ya muda inapotea. Asubuhi nikitazama chini, sakafu kavu.

Juzi nilipanda Lushoto. Kufika Soni harufu ilikuwa kali hadi nikasimama na kufungua boneti. Sikuona mvuke wala maji. Sindano ya joto haikutikisika, ilikaa palepale inapokaa siku zote. Lakini kichupa cha akiba cha kulanti kinashuka, taratibu, kila wiki lazima niongeze.

Fundi mmoja alinusa tu akasema hedi gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda, imekufa, injini ishushwe. Mwingine kasema themostati, kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, itolewe. Gari hii niliitafuta muda mrefu na naipenda, sitaki ifunguliwe kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

Kijana wa Pongwe

Pole sana dada. Kwa joto letu la Tanga mimi naunga mkono themostati kutolewa. Yangu haina na haijawahi kuchemsha. Pia angalia mfuniko wa rejeta, mara nyingi mchawi ni huyo.

Fundi Barabara ya Nane

Mwanangu wa Chumbageni, pole na hongera kwa kuuliza kwanza.

Pongwe, kwenye mfuniko umesema kweli na nitaurudia. Kwenye themostati nakukatalia kwa heshima. Hewa ya Tanga hata ikifika nyuzi 33, injini yenyewe inataka ikae karibu na 90. Ukiitoa themostati, mjini injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi ikidhani bado ni baridi, oili haipati joto la kukausha unyevu, na injini inakula mafuta na kuchakaa. Nimefungua injini nyingi hapa Ngamiani zilizoendeshwa hivyo, na naumia kila nikiona. Halafu themostati haitoi harufu. Tunatafuta kulanti inapotokea.

Sasa hedi gasketi. Inawezekana, ila mtu hawezi kuijua kwa pua. EJ20 ya tabo hedi gasketi ikianza kufa huwa inasukuma moshi wa silinda kwenye maji. Utaona mapovu kwenye kichupa cha akiba injini ikiwa inaunguruma, kichupa kinajaa badala ya kushuka, na mpira mkubwa wa rejeta unakuwa mgumu muda mfupi tu baada ya kuwasha ikiwa baridi. Ipo na dawa ya kupimia, ya buluu: unaiweka kwenye kifaa juu ya mdomo wa tangi la kulanti, moshi wa silinda ukiwepo inageuka njano. Hicho ndicho kipimo cha kumtaka fundi akuonyeshe kabla hajashusha injini. Maelezo yako hayafanani na hayo. Kwako kichupa kinashuka, na sindano imetulia.

Nisikilize kwenye hili la harufu bila tone. Kulanti inavuja, lakini inadondokea kitu cha moto na kukauka hapohapo. Kwenye gari yako kitu cha moto kuliko vyote ni tabo, na tabo ya Impreza imekaa nyuma ya injini upande wa dereva, karibu kabisa na pale chini ya kioo ambapo hewa ya ndani inaingilia. Ndiyo maana unaisikia ukiwa kwenye kiti. Ukizima gari, hewa ya mbele imekatika, feni haisukumi, joto la tabo linapanda kwenye maji yaliyosimama, presha inaongezeka kidogo, na mahali palipochoka panatema. Mlima wa Mombo kwenda Soni unafanya hivyohivyo: mwendo mdogo, tabo inafanya kazi sana.

Tabo yako inapozwa na maji pia, si oili peke yake. Kuna kampira kafupi kanatoka kwenye tabo kwenda kwenye tangi dogo la chuma lililo juu, lile lenye mfuniko wake. Kampira hako kanapikwa miaka yote na watu wengi hawajui kapo, maana kamejificha. Gari ya 2002 kama haijabadilishwa, mimi ningeanzia hapo.

Usikimbilie kununua chochote bado. Fanya hivi. Gari ilale usiku, iwe baridi kabisa. Asubuhi chukua tochi na kioo kidogo, angalia maungio yote ya mipira: mbele kwenye rejeta, chini kwenye pampu ya maji, nyuma kwenye tabo, na mipira ya hita inayoingia ukutani. Hutafuti maji. Unatafuta ukoko mweupe au wa kijani uliokauka. Kulanti ikikauka inaacha alama, haina siri.

Kisha nenda gereji yenye pampu ya kupimia rejeta, ya mkono, yenye geji. Inafungwa mahali pa mfuniko, injini ikiwa baridi, unapampu mpaka kwenye ba 1 hivi, halafu mnasubiri. Geji ikishuka pana mahali panavuja, na kwa sababu injini ni baridi tone halikauki, mtaliona kwa macho. Kipimo hiki hakifungui hata boliti moja. Nashangaa watu wanavyokiruka.

Ndani ya gari pia: pandisha kapeti la abiria wa mbele ushike kwa mkono. Likiwa na unyevu unaonata, au kioo kinaingia ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri, basi ni hita iliyo ndani ya dashibodi. Tanga hakuna anayewasha hita, lakini maji ya moto yanapita humo.

Na tafadhali, mfuniko usifunguliwe injini ikiwa moto. Maji matupu yanachemka nyuzi 100 hapa usawa wa bahari. Ndani ya mfumo wenye presha ya ba 1.1 yanavumilia mpaka 120 hivi. Ukifungua, presha inaondoka na yote yanaruka usoni kwa wakati mmoja. Nimeona mkono wa kijana ulivyobabuka.

MwanaChumbageni

Shikamoo fundi. Ahsante sana, nimesoma mara mbili.

Kapeti kavu, kioo safi. Mapovu hakuna. Dawa ya buluu sijaipata hapa mjini. Pampu ya kupimia niliipata kwenye gereji moja karibu na Kange, jana asubuhi, gari ikiwa imelala. Tulipampu ikafika ba 1, geji ikaanza kushuka polepole. Mbele hakuna kitu. Yule kijana akaingiza tochi nyuma ya tabo na kioo, tukaona tone limening'inia chini ya kampira ulikokataja, upande wa tangi. Kwenye klipu kuna ukoko wa kijani, na ngao ya joto ya tabo ina michirizi myeupe iliyokauka.

Nimefurahi kweli. Injini haishushwi! Maswali mawili: naweza kuweka mpira wa petroli wa kukata kwa mita, ambao upo kila duka? Na mfuniko je, maana gari ina miwili?

Fundi Barabara ya Nane

Marahaba mwanangu. Alhamdulillah, hiyo ndiyo kazi.

Mpira wa petroli usiweke. Haukutengenezwa kwa maji moto yenye kulanti, na pale nyuma joto ni kali mno. Utaharibika mapema, nawe utakwama njiani usiku. Tafuta wa asili uliopinda kwa umbo lake, au wa silikoni wa kulanti wenye kipenyo kilekile. Usiubane ukakunjika. Ukiwa mkono umefika huko, badilisha na klipu, na mipira midogo mingine ya maji iliyo karibu, kwa sababu umri wao ni mmoja.

Mifuniko miwili haifanani presha. Wa tangi dogo ndio unaoruhusu maji kwenda kwenye kichupa, wa rejeta una kazi ya kubana tu. Watu wanaibadilishana wakati wa kuosha injini, kisha gari inaanza vituko. Angalia namba iliyoandikwa juu ya kila mmoja na ukague raba yake. Ikiwa imepasuka au imekuwa ngumu, nunua mpya, usichukue mtumba. Mfuniko si kitu cha kubania hela.

Kujaza tena usiharakishe. Injini hii imelala, silinda ziko pembeni, hewa inajificha. Pandisha pua ya gari kwenye mteremko, fungua kizibo cha hewa juu ya rejeta, mimina kwenye tangi dogo polepole mpaka kulanti itoke bila mapovu, ndipo ufunge. Washa mpaka feni ifanye kazi, zima, iache ipoe kabisa, kisha ongeza. Mchanganyiko nusu kwa nusu, na maji yawe yaliyosafishwa, yale ya betri bila asidi. Maji ya kisima huku pwani yana chumvi, yanakula alumini.

Kijana wa Pongwe

Fundi nimekuelewa, narudisha themostati. Ya EJ20 inakaa wapi, juu kama Toyota yangu ya zamani?

Fundi Barabara ya Nane

Hapana, chini, kwenye mdomo wa pampu ya maji ambapo mpira wa chini wa rejeta unaingia. Kumbuka na pampu yenyewe inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo siku ya kubadilisha mkanda badilisha vyote pamoja.

MwanaChumbageni, kulanti ya zamani mtakayoitoa msiimwage mtaroni. Ni tamu, paka na mbwa wanailamba na inawaua, na mtoto pia anaweza kuionja. Iweke kwenye dumu lenye kizibo na uandike juu yake.

MwanaChumbageni

Nimeagiza mpira wa asili na mfuniko wa tangi, Dar wanasema vitapanda basi la kesho. Nikimaliza nitarudi kwenye pampu tupime tena ikiwa baridi kabla sijaipeleka Lushoto.