Naomba ushauri: Dodoma–Morogoro kwa SGR, kwenda na kurudi siku moja

Wakuu, habari za Jumapili. Mimi na mke wangu na watoto wawili tunakaa Dodoma, tunataka kwenda Morogoro Jumamosi na kurudi jioni. Watoto wanataka kuona Uluguru. Mama yao macho yote yako kwenye ndizi za soko la Chifu Kingalu.

Basi tunalijua, ni kilomita kama 260, unafika mgongo umekufa. Kwa treni kinachonisumbua si nauli tu. Stesheni ya Moro iko Kihonda, kwa hiyo kuna bajaji kwenda mjini na kurudi, mara watu wanne. Waliowahi, jumla iliwatoka shilingi ngapi? Na tiketi ya kurudi nikate mapema kabisa au nisubiri hukohuko?