Sungura wa ndani naye achanjwe?

Swali: Wakuu, nina sungura wawili wa wiki 7, hawatoki nje kabisa. Chanjo ina ulazima? Zipi, na lini?

Jibu 1: Chanja, ndugu. Miksomatosisi, ugonjwa wa virusi wa sungura, huletwa na mbu na viroboto, na mbu haulizi mlango. Virusi vya homa ya kuvuja damu ya sungura (RHD), aina ya RHDV1 na RHDV2, hukaa miezi kadhaa kwenye nyasi kavu na soli za viatu, unaviingiza mwenyewe. RHDV2 huua hata vitoto, mara nyingi bila dalili yoyote. Chanjo ya Nobivac Myxo-RHD Plus hukinga dhidi ya miksomatosisi na aina zote mbili za RHD kwa sindano moja chini ya ngozi, kuanzia wiki ya 5. Kinga hukamilika baada ya wiki 3, kisha rudia kila mwaka.

Jibu 2: Nyongeza: mweleze daktari kama waliwahi kupata chanjo nyingine ya miksomatosisi au kuugua. Virusi vya chanjo hii ni hai, na kinga ya zamani ikivizima mapema, kinga ya RHD haijengeki vizuri. Chupa ya chanjo ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi.

Muuliza swali: Asanteni. Baada ya sindano niangalie nini?

Jibu 1: Kauvimbe kasikouma, hadi sentimita 2, ni kawaida kwa wiki 2. Usikakamue. Hesabu kinyesi: asipokula wala kunya kwa saa 12, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, maana utumbo wa sungura ukisimama humuua haraka.