Algi zimeniteka kwenye tanki dogo la mimea, naombeni msaada

Mzee_wa_Gapi: Wakuu habari za jioni. Nina tanki la sm 45 kwa 30 kwa 30, yani kama lita 40 hivi, lipo sebuleni hapa Dar, ndani kuna samaki wadogo, gapi na plati wawili, mimea ni valisneria, anubiasi na javafeni moja nimeifunga kwenye gogo. Mwanzo lilikua linapendeza balaa. Sasaivi nyuzinyuzi za kijani zimejaa kwenye majani ya valisneria, ukizivuta zinakuja na jani lenyewe, afu kwenye mchanga pale mbele kuna utando wa kijani kinachoelekea bluu, unateleza, ukiugusa unabanduka vipande vipande na unanuka vibaya mno. Nshamwaga maji yote, nikaosha mchanga, nikaosha filta bombani, haikumaliza hata wiki vitu vikarudi vyote. Dukani wameniuzia dawa ya kuua algi, kopo lipo hapa sijalifungua. Nimwage?

fundi_wa_vioo: Usimwage kwanza mkuu. Taa inawaka masaa mangapi? Tanki liko karibu na dirisha? Na unalisha mara ngapi kwa siku?

Mzee_wa_Gapi: Taa ya LED wati 18, inawaka toka naamka mpaka nalala. Dirisha lipo ubavuni, jua la asubuhi linapiga kidogo. Kulisha ni asubuhi mchana na usiku, kazi ya watoto hiyo, wanapenda kuona samaki wakigombania.

Bi_Valisneria: Haya jibu umeshajipa mwenyewe kakangu 😂 ila ngoja nikueleze vizuri maana hapo una matatizo mawili na wengi wanayachanganya.

Zile nyuzi ni algi kweli. Mwanga ni mwingi kuliko mimea yako inavyoweza kuutumia, anubiasi na javafeni zinakua polepole mno hazina njaa kabisa, kwa hiyo mwanga na mabaki ya chakula vinabaki vya nani? Vya algi. Nunua swichi ya taima, weka masaa 6 tu kwa siku, wiki kadhaa mbele ukiona pametulia panda mpaka 8, usizidishe hapo. Upande wa dirisha bandika hata karatasi nyeusi nyuma ya kioo. Nyuzi zenyewe chukua mswaki wa zamani, uchomeke katikati ya lile fungu uzungushe uzungushe mpaka zijisokote zote kwenye mswaki, mkono mwingine umeshika shina la mmea huku chini kabisa, ndo uvute taratibu. Hutong'oa jani. Majani ya anubiasi yaliyokwisha kufunikwa yote kata tu, na hiyo anubiasi ihamishie kwenye kivuli cha gogo.

Ule utando unaonuka sio algi, ni bakteria, sayanobakteria. Huo unapenda sehemu maji hayatembei na mchanga una uchafu. Unyonye kwa mpira wakati unabadilisha maji, toa kama nusu, kisha zima taa funika tanki lote na blanketi siku 3, usifunue kuchungulia na usilishe, samaki wazima hawafi kwa siku 3. Ila pampu ya hewa iwake muda wote, maji yetu ya joto hayashiki oksijeni nyingi na huo utando ukifa unaila iliyopo. Ukifunua badilisha maji tena.

Na filta usioshe tena bombani jamani, klorini inaua bakteria wazuri wanaosafisha maji. Kamua sponji kwenye ndoo ya maji uliyotoa kwenye tanki basi.

Dogo_Kinondoni: Mnamzungusha bure, anunue pleko mmoja, yule samaki anayenyonya vioo, amalize kazi

fundi_wa_vioo: Pleko wa kawaida anafika sm 40 dogo, tanki lenyewe sm 45, atageukia wapi? Akishakua hizo algi hata hazitaki, anataka chakula na kinyesi chake ni mbolea tosha ya kulisha algi. Na ule utando hali hata kwa kulazimishwa. Konokono wadogo wanasaidia kusafisha kioo, nyuzi ndefu hawaziwezi.

pwani_tu: Ndugu yangu, niko Mombasa, alivosema bibie hapo juu ni sawa kabisa, mimi naongeza kuhusu mimea. Tafuta honiwoti, ule mmea usio na mizizi unaoelea, unakua kwa fujo na unanyonya uchafu wote kwenye maji. Ukikosa, chukua vikonyo vya matembele, mizizi iingie kwenye maji majani yabaki juu nje, yanapata hewa ya nje kwa hivo yanakula naitreti, yani uchafu wa samaki uliooza ukayeyuka kwenye maji, kuliko hata valisneria. Mimea ya kuelea ni mizuri sana ila ikizidi tupa kwenye jaa ikauke, usithubutu kumwaga mtoni, magugumaji ya Ziwa Viktoria nayo yalianza kama ua la mapambo.

Mzee_wa_Gapi: Asanteni sana. Je nikiweka mbolea kidogo ya shambani mimea ikue haraka?

Bi_Valisneria: Wee! Urea na DAP zinatoa amonia, asubuhi utaokota samaki wanaelea. Ukitaka kulisha mimea nunua ya akwariamu. Na zile chupa za "kaboni ya maji" soma kwanza, nyingi ni glutaradehaidi, dawa ya kuua vijidudu, valisneria inayeyuka kabisa. Nyuzi zikibaki kwenye gogo tumia haidrojeni peroksaidi ya 3% ya duka la dawa, ml 10 inatosha lita 40, zima filta, nyunyiza na sirinji palepale zilipo, subiri dakika 10 uwashe. Usiguse mimea yenyewe.

Mzee_wa_Gapi: Sawa, kesho taima na blanketi. Watoto nishawaambia ni mara moja kwa siku, kile kinachoisha ndani ya dakika 2, wamenuna. Kopo sasa?

fundi_wa_vioo: Soma nyuma, ukiona neno shaba ujue konokono wote wanakufa. Rudisha kama wanapokea.

Mzee_wa_Gapi: Imeandikwa kopa salfeti. Narudisha.

fundi_wa_vioo: Hiyo hiyo ndo shaba yenyewe. Rudi na honiwoti.