Darubini na leza kwenye bunduki moja: ni +2 au +4?

Wadau wa meza za dadu Nyanda za Juu Kusini, poleni na baridi. Naileta hoja hii kwenu kwa sababu Jumamosi iliyopita hapa Mwanjelwa tuliivuta mpaka saa nne usiku na hatukuimaliza. Wenzetu wa Iringa wanakuja wakati wa Nanenane na wahusika wao na silaha zao. Tusipoelewana sasa, tutagombana mbele ya wageni.

Kwa wasioujua mchezo wetu: kila mtu ana mhusika wake wa karne zijazo, mwongozaji anasimulia, dadu zinaamua. Mifupa tumeichukua kwenye Traveller, mchezo wa Kimarekani uliotoka mwaka 1977: unarusha dadu mbili, ukipata 8 au zaidi umefanikiwa. Nyama tumeiweka wenyewe. Chombo chetu cha kusafiria angani kiliondoka Ndolezi, pale kilipo kimondo cha Mbozi, na mwili wake ni wa chuma chenye nikeli kama kimondo chenyewe. Sheria zetu ziko kwenye kaunta buku. Iliyotugombanisha ni hii, nainakili kama ilivyo: "Kiongezo cha kulengea kikifungwa kwenye bunduki, mpigaji anaongeza 2 kwenye dadu zake. Bunduki moja ina nafasi tatu za kufunga viongezo."

Basi, imeishia hapo.

Dada mmoja ndiye mpiga shabaha wa chombo. Alikuwa amefunga darubini nafasi ya kwanza, na nafasi ya pili leza, ile inayoweka nukta nyekundu pale risasi itakapogonga. Adui anakimbilia mlango wa kutokea nje ya chombo. Dada akarusha. Dadu moja ikasimama palepale kwenye mkeka, nyingine ikabingirika hadi kwenye chupa ya chai, ikaigonga, ikatulia. Tatu na moja. Akasema, "Nne, na nne za viongezo, nane. Nimempata." Mwongozaji akasema viongezo vyote viwili ni vya kulengea, kwa hiyo ni mbili tu, jumla sita, amekosa. Adui akatoka na ramani yetu. Dada hakupiga kelele. Alifunga daftari lake, akaweka kalamu juu, na hakuligusa tena usiku ule.

Kuna waliosema tunagombania vijitarakimu. Hebu tuhesabu. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36. Bila kiongezo chochote, 8 au zaidi inatoka kwa namna 15. Ukiongeza 2, unahitaji 6 tu, na hizo ni namna 26. Ukiongeza 4, unahitaji 4, namna 33. Mtu huyo anakosa mara tatu katika 36! Na nafasi ya tatu bado iko wazi. Akifunga kingine cha kulengea anafika +6, anahitaji 2, na dadu mbili haziwezi kutoa chini ya 2. Hatakosa hata siku moja. Sasa tunarusha dadu za nini? Tungebaki tunasimuliana hadithi tu.

Msimamo wangu ni kwamba sheria ikinyamaza, tukiangalie kifaa chenyewe kinavyofanya kazi mkononi. Bodaboda anayepandisha mizigo barabara ya Chunya kuelekea Kawetere huenda kwa fundi akabadilishiwa sproketi ya nyuma, anawekewa yenye meno mengi zaidi. Pikipiki inavuta mlimani, ila kwenye tambarare mwendo unapungua. Hakuna fundi atakayemfungia mbili za nyuma ili ivute mara mbili, maana mnyororo ni mmoja na unapita kwenye moja. Bunduki nayo ni hivyo. Jicho la mpigaji ama liko ndani ya darubini ama linafuata nukta nyekundu. Kwa risasi moja, njia ya jicho ni moja.

Lakini angefunga miguu miwili ya kusimikia bunduki chini, ningempa vyote. Miguu inatuliza mkono, darubini inasaidia jicho. Hizo ni njia mbili. Kwa hiyo napendekeza: viongezo vya njia moja, tuhesabu kimoja tu, vya njia tofauti, tuhesabu vyote. Tusemezane.

Mdau wa Uyole:
Kaka, hapo umetunga sheria mpya kisha ukaiita tafsiri. Aliyeandika nafasi tatu alishaweka kikomo, na kikomo hicho ndicho tatu. Kama hakutaka vya aina moja vijumlishwe angesema. Mtu amekusanya fedha za mchezo vikao sita anunue leza, halafu siku ya kuitumia anaambiwa ni pambo. Kuhusu kutokosa kamwe, dawa yake ni rahisi: tuseme dadu zikitoa moja na moja ni kukosa, hata uwe na viongezo kumi. Halafu nikukumbushe. Mwezi wa tano wewe mwenyewe ulivaa fulana ya kuzuia risasi, juu yake koti la bamba, ukahesabu kinga zote mbili. Siku ile hatukusikia habari ya njia moja.

Mdau wa Iringa:
Kamwene wote. Huku kwetu hatukugombana, kwa sababu kabla ya kuhesabu chochote tunauliza umbali. Darubini yetu inafanya kazi kuanzia hatua hamsini kwenda mbele. Leza inafanya kazi ndani ya hatua hamsini. Hazikutani kabisa, na aliyenunua zote mbili hajapoteza, maana yuko tayari kotekote.

Tulijifunza hilo kwenye historia ya nyumbani. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, kikosi cha Wajerumani cha Zelewski kilikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Watu wa Mkwawa wengi wao walikuwa na mikuki. Walijificha mpaka msafara ukawa karibu kabisa, wakavamia, na askari wengi hawakupata hata nafasi ya kujaza bunduki upya. Zelewski alikufa palepale. Bunduki ile ingekuwa na darubini, ingemsaidia nini mtu ambaye mkuki umeshafika kifuani? Silaha bila umbali wake ni mzigo wa kubeba. Andikeni umbali kwenye kaunta buku lenu na ugomvi utaisha wenyewe.

Mdau wa Tukuyu:
Naunga mkono kuangalia kifaa kinavyofanya kazi, na niongeze kisa chetu. Kijana mmoja alifunga kizuia sauti kwenye bunduki ya leza, ile inayopiga kwa mwanga wenyewe. Kizuia sauti kazi yake ni kupunguza nguvu ya gesi ya baruti inapotoka mdomoni mwa mtutu. Leza haina baruti, haina gesi. Kinazuia nini? Tulimkatalia, na sheria haikuwa imesema neno. Tena walikuwa nje ya chombo, kwenye ombwe, ambako sauti haisafiri kwa bunduki yoyote. Ila mwenzake mwenye bunduki ya risasi tulimruhusu kupiga kulekule, maana baruti ina oksijeni yake ndani, haisubiri hewa. Mdau wa Uyole, ukisema kila kisichokatazwa kimeruhusiwa, kijana huyu utamjibuje?

Mdau wa Uyole:
Huyo ningemwambia kifaa hakifungi pale. Lakini darubini inafunga na leza inafunga, na zote zinasaidia kulenga. Sijasikia bado jibu la fulana na koti.

Mwongozaji, Mwanjelwa:
Nimesoma yote. Mimi bado naona ni mbili. Lakini nakiri kosa moja: niliamua baada ya dadu kutulia. Nilikuwa nimeliona bunduki lile tangu mwanzo wa kikao, viongezo vyote viwili vimeandikwa kwenye karatasi yake, na sikusema kitu.

Mleta hoja:
Ndugu wa Uyole, la fulana na koti linanihusu na umeniuliza kwa haki. Nimelala nalo siku mbili. Risasi inayokuja kifuani inakutana na koti kwanza, ikilitoboa inakutana na fulana. Inapita kwenye vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Jicho halipiti kwenye darubini kisha likapita kwenye nukta. Ndiyo maana kinga zinajumlishwa na hivi viwili havijumlishwi. Ila koti la bamba juu ya fulana ni zito, na mimi nilikimbia nalo kama aliyevaa kanzu. Hapo nilijipendelea. Kuanzia kikao kijacho mhusika wangu anapunguza 1 kwenye jumla ya dadu zake kila anapokimbia au kupanda, nimeshaiandika kwenye karatasi yake.

Wazo lako la moja na moja kuwa kukosa nalichukua. La Iringa la umbali nalichukua pia, tena ni bora kuliko langu, kwa sababu linaipa leza kazi yake na fedha za dada hazipotei. Hatua hamsini tuzifanye za wote, ili wageni wakija Nanenane wasijifunze upya.

La mwongozaji ndilo lililonigusa zaidi. Dada alipanga bunduki yake kwa sheria kama ilivyosomeka siku ile, na haikuwa na neno la kumzuia. Tafsiri yetu ya leo haiwezi kurudi nyuma ikamnyang'anya risasi aliyokwisha kuipiga. Nimeongea naye jana, ameniambia atakuja. Jumamosi tuanzie palepale mlangoni: adui anakimbia, dadu ni tatu na moja, jumla nane, na risasi imempata.