Tanki inakataa kujaa, pampu inakata kila saa

MamaPacha_Arua
Habari wadau. Nina kagari ka Kijapani ka petroli, cc 1500, shida imeanza kama wiki tatu hivi, nikienda kuweka mafuta nozo inakata tak, kijana wa pampu anabonyeza tena, tak, yani mafuta ya 50,000 inachukua dakika kumi na watu wa boda nyuma yangu wananipigia honi. Juzi ikatema mpaka viatu vikalowa. Nimebadilisha stesheni tatu, ni ile ile. Fundi mmoja anataka kushusha tanki yote aoshe eti ni uchafu. Nimpe pesa ama nikimbie?

Vumbi_la_Yumbe
Kimbia dada. Uchafu wa tanki unasumbua mafuta kwenda injini, hauzuii kuingia. Hiyo tanki inakosa pumzi. Mafuta ikiingia hewa lazima itoke, ikikosa njia inasukuma mafuta irudi kwa shingo, na nozo iko na katundu kadogo kwa ncha, petroli ikikafunika tu inajifunga yenyewe.
Tafuta kanista, kikopo cheusi cha plastiki chenye makaa ndani, gari nyingi kiko chini nyuma karibu na tanki, za zamani kiko mbele kwa injini. Chomoa ule mpira wa kanista unaotoka nje kuvuta hewa kisha ujaribu kuweka mafuta, ikiingia vizuri basi mpira ndio umeziba. Yangu ilikuwa dondora, gari ililala wiki mbili tu wakajenga nyumba ndani, tope gumu kama saruji nikalitoa na spoku ya baiskeli.

Kijana_wa_Koboko
Dondora tena 😂 mzee wewe kila shida ya gari ni wadudu

Vumbi_la_Yumbe
Cheka tu. 2011 Mazda waliita Mazda6 kama 65,000 zirudi kurekebishwa huko Amerika Kaskazini sababu ya buibui kutega utando kwenye paipu ya hewa ya tanki.

Fundi_Spana12
Dada swali moja, wewe hujaza mpaka mdomoni? Nozo ikikata unamwambia kijana aongeze?

MamaPacha_Arua
Eeh, kila nikienda Kampala, nani anataka kusimama njiani usiku

Fundi_Spana12
Basi umeinywesha kanista. Ile makaa ni ya kushika mvuke, petroli yenyewe ikiingia inaharibika. Ichomoe, ukiipuliza kwa mdomo hewa ipite bila kusukuma sana. Puliza, usivute! Na pasiwe na mtu anachomelea hapo karibu.

MamaPacha_Arua
Nimerudi. Mpira safi, hakuna dondora (pole mzee). Kanista nimeitikisa ikalia kama kayamba, ikamwaga unga mweusi kwa gauni yangu. Tumeweka mafuta bila hiyo, 50,000 imeingia bila kukata hata mara moja. Ndugu yangu ananitafutia nyingine Kisekka, soko la spea Kampala, itakuja na basi.

Fundi_Spana12
Mwambie aipulize kabla ya kulipa, za used nyingi zimekufa pia. Na mpaka ifike, ule mpira wa tanki uufunge juu mbali na egzosi lakini usiuzibe, ule mwembamba wa kwenda injini ndio uzibe isivute vumbi.

Kijana_wa_Koboko
Na gauni je?

MamaPacha_Arua
Gauni imekuwa ya shamba.