Nachagua dramu za umeme za kupigia ndani, nakaa ghorofani na jirani wa chini ana kichanga. Ushauri wakuu

FimboMbili (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu. Mimi napiga dramu kanisani huu mwaka wa sita, nilijifunzia hapohapo kwa kumvizia mpigaji mkubwa akitoka kunywa maji. Sasa kanisani mazoezi ni Jumamosi jioni tu na kwaya nzima ipo, huwezi kukaa nusu saa unarudiarudia kitu kimoja watu wakakuangalia tu. Nataka seti ya umeme niweke geto nipige na hedifoni nikitoka kazini, saa tatu saa nne usiku hivi.

Nakaa Sinza, ghorofa ya pili, chumba na sebule, chini malumalu. Chini yangu kuna dada ana mtoto wa miezi minne, na mwenye nyumba yuko chini kabisa, mama mtu mzima, mstaarabu ila hana mchezo, kuna jamaa alipewa notisi kisa sabufa.

Bajeti 1.5M, nikijikamua sana 1.8M. Macho yangu yako kwa Alesis Nitro Mesh, Yamaha DTX402K na kuna mtu ana Roland TD-1DMK iliyotumika ila bado hajataja bei. Muuzaji mmoja Kariakoo kaniambia hizi hazina sauti kabisa, mtoto analala na wewe unapiga. Ni kweli au napigwa? Nawasilisha.

kapuku_wa_mjini

Natia kambi hapa, ngoja wajuvi waje.

Toroli

1.8M ya kujifungia chumbani unapiga raba peke yako. Hii nchi watu wana hela aisee

FimboMbili

@Toroli wewe si ulileta uzi wa sabufa ya laki tisa juzi 😂

MzeeWaSebene

Mkuu hujapigwa ila umeambiwa nusu. Sauti ziko mbili hapo. Kuna inayopita hewani, hiyo ni fimbo ikigonga padi (ile sahani unayopiga badala ya ngoma), na hapo ndipo padi ya neti, yaani mesh, inaposhinda ya raba, raba inalia ta ta ta kama mtu anagonga meza, neti unasikia tu kitu kama umechapa chandarua kilichokazwa. Roland walianza na neti mwaka 1997 kwenye TD-10, siku hizi hata seti za bei ya chini zinayo. Ila jua matoazi bado ni raba kwenye hizo seti zako zote, kwa hiyo neti ikishanyamaza kinachobaki kusikika ni haihati (lile toazi la kufungua na kufunga kwa mguu), na mlango ukiufunga wala haifiki kwa jirani.

Balaa ni ile ya pili, inayopita kwenye zege, na hiyo chanzo chake ni kiki (ya mguu, sio kiki za mjini). Ushawahi kukaa chini ya mtu anayetwanga kisamvu? Husikii kinu, husikii mchi, unasikia zege linaguna. Ndivyo utakavyosikika wewe. Yule dada hatasikia sneya (ile ngoma ndogo ya mbele yako) wala tomu wala toazi hata moja, atasikia du, du-du, du, saa nne usiku, na hajui ni muziki gani.

Kabla hujatoa hata shilingi fanya hivi. Mwache mtu avae raba, akae kwenye kiti sebuleni kwako, apige kisigino sakafuni kwa mwendo uleule wa kiki dakika tano, wewe shuka chini kwa huyo dada umwombe usimame sebuleni kwake. Usimtume mtu, shuka mwenyewe. Ukisikia, ujue hela yako inatakiwa kwenda sakafuni kwanza halafu ndio uje kwenye seti.

FimboMbili

Mzee nimekuelewa. Sasa DTX402K nimesoma kiki yake haina nyundo ya kugonga padi, unakanyaga tu, si ndio inanifaa?

MzeeWaSebene

Ndio kimya zaidi kati ya hizo ukiinunua ilivyo. Lakini wewe unafanya mazoezi ya kwenda kupiga kanisani. Ukizoea kukanyaga kitu kisicho na nyundo, Jumapili ukikaa kwenye pedeli ya kweli mguu unakuwa mzito, nyundo inarudi wakati wewe huitegemei. Na sneya yake inasoma sehemu moja tu, ukigonga ukingo hupati ule mlio wa ukingo. Wewe unapiga sebene za kanisani, ukingo wa sneya na haihati ndio chakula chako, utapigaje bila hiyo? Nitro sneya yake inasoma katikati na ukingo. Kwangu hapo mjadala umeisha.

Kuna pedeli ya Roland inaitwa KT-10, nyundo yake iko ndani na inapiga kwa mwendo tofauti na hizi zetu, kimya sana na mguu unahisi pedeli. Ila inauzwa peke yake na itakula kipande kikubwa cha bajeti yako. Iache kwanza, jenga jukwaa la kuzuia mtikisiko usifike sakafuni.

gorofa_ya_nne

Mimi niko Nairobi, Roysambu, gorofa ya nne, nimepitia hii stori yote. Keateka (msimamizi wa nyumba) alikuja kwangu mara mbili akidhani nafanya biashara ya kushona viatu kwa nyumba. Kapeti nilikuwa nayo, mbili, moja juu ya ingine, haikusaidia kitu, kapeti inazuia tu seti isiteleze.

Chenye kilinisaidia ni jukwaa ya mipira ya tenisi. Unachukua mbao mbili pana, plaiwudi nzito au MDF, ya chini unaitoboa mashimo madogo kuliko mpira ndio mpira ukae usitoroke, unaweka mipira, ya juu unailaza hapo. Seti yote inakaa juu pamoja na stuli na wewe mwenyewe. Mguu ukipiga, mpira unabonyea kabla zege ipate habari.

Lakini nilikosea mwanzo na ndio maana naandika. Niliweka mipira karibu 40 nikidhani ikiwa mingi ndio poa. Buda, mipira 40 chini ya mtu wa kilo 62 haibonyei, ni kama umeweka mawe. Nikatoa nusu, nikazisambaza kufuata uzito, zaidi chini ya stuli na chini ya pedeli, chache kwa pembe, hapo ndio ilianza kufanya kazi. Ukipanda lazima uhisi imetikisika kidogo kama mtumbwi. Na ubao ya juu isiguse ukuta hata sentimita moja, ikigusa sauti inapitia hapo na kazi yote imeenda.

MamaWawili

Naomba niongee kwa niaba ya dada wa chini maana nimekaa chini ya mpiga dramu za umeme mwaka mzima. Mtoto wangu alikuwa analala vizuri tu, mimi ndio nilikuwa silali. Sio kelele ukisema kelele, ni kwamba ile du du inakoma, unasema afadhali, unaanza kupitiwa na usingizi, inaanza tena. Nilikuwa nahesabu. Nikamchukia kijana wa watu ambaye hata sura yake siijui vizuri.

Siku alipokuja kugonga akaniuliza dada ni saa ngapi sikukwazi, nikamwambia mwisho saa tatu na nusu na Jumapili mchana upumzike. Basi. Baada ya hapo hata akipitiliza dakika kumi nilikuwa namvumilia, kwa sababu najua ataacha. Nenda na kilo ya sukari au pampasi, usiende mikono mitupu.

Mbongo_Hamburg

Huku Ujerumani saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa ukimya na Jumapili ndio usiseme, kwa hiyo dramu za umeme watu wanazo nyingi na zinauzwa zilizotumika kila siku. Naongezea kwenye kununua mtumba:

Geuza adapta usome. Ikiandikwa INPUT 100-240V chomeka bila wasi. Ikiandikwa 120V au 100V peke yake hiyo ya Marekani au Japani, ukichomeka kwenye 230 ya Bongo utasikia harufu. Nenda na hedifoni zako za waya. Bluetuthi usijaribu kwa kupigia, fimbo inagonga halafu sauti inakuja baadaye kama mtu anayechekea mzaha wa jana, hata Nitro Max yenye bluetuthi ile ni ya kupokea wimbo kutoka kwenye simu.

Ukifika gonga kila padi katikati na pembeni, kwa nguvu halafu taratibu kabisa kama unapapasa, padi mbovu inasikia nguvu tu. Shika toazi baada ya kuligonga uone kama linanyamaza. Haihati ikanyage wazi, nusu, funga. Seti za bei hii hiyo nusu huwa haina ngazi nyingi, usitegemee muujiza, ila isiruke kutoka wazi kwenda funga ghafla. Na kwenye Nitro angalia ule waya mmoja mnene unaoingia kwenye kiboksi kinachotoa sauti, ndio unabeba padi zote, kichwa chake kikilegea utahangaika kuupata huko. Neti ikichanika sio tatizo, inabadilishwa.

kapuku_wa_mjini

Na umeme ukikatika katikati ya mazoezi?

Mbongo_Hamburg

Zile UPS (betri za akiba) ndogo za ruta ya intaneti zinaweza kusukuma kiboksi, mradi volti zilingane na upande wa chanya usome kwenye adapta kabla hujachomeka. Kinakula umeme kidogo sana.

FimboMbili

MREJESHO. Wiki tatu baadaye wakuu.

Nilifanya lile jaribio la kisigino. Mdogo wangu juu anapiga, mimi chini nimesimama na dada wa watu kashika mtoto, tunaangalia dari kama tunasubiri mvua. Niliona aibu, maana ilisikika kama mtu anapigilia misumari, na akaniambia "kaka, hata ukivua viatu jioni nakusikia". Miaka miwili nakaa pale sijui.

Roland jamaa alitaja 2.4M nikamwaga. Nikapata Nitro Mesh iliyotumika 1.1M, nikaenda na hedifoni nikaigonga yote mbele yake mpaka akaanza kuangalia saa. Toazi moja lilikuwa halinyamazi likishikwa, akapunguza elfu hamsini.

Jukwaa kachonga fundi seremala wa hapa mtaani, aliniuliza kama ni kitanda cha mbwa. Mipira nimepata kwa kijana anayeokota mipira kwenye viwanja vya tenisi, ile iliyochoka, 22 kwa bei ya soda mbili. Nimepanga kama alivyosema wa Roysambu, mingi chini ya stuli na pedeli. Kweli inatikisika kama mtumbwi, siku ya kwanza nilipiga nimebana magoti.

Nikashuka tena kwa dada na pampasi. Mdogo wangu hajui kupiga ila kwa kutwanga kiki yuko vizuri. Dada akasikiliza, akasema anasikia kitu kama friji ikijizima, akatulia, akasema na ukiongea husikii. Tumekubaliana mwisho saa tatu na nusu. Mwenye nyumba hajasema kitu, jana kaniuliza tu mbona siku hizi sitoki.

Swali limebaki moja. Nikipiga kiki kwa nguvu, sneya nayo inalia yenyewe kidogo, tik, bila kuguswa. Kimeo?

MzeeWaSebene

Sio kimeo, mtikisiko wa kiki unapanda kwenye bomba linaloshikilia padi unaifikia sneya, na sasa umeiweka juu ya mtumbwi ndio zaidi. Kaza kwanza kile kishikio cha sneya kwenye bomba. Ikigoma ingia kwenye kiboksi, tafuta XTALK ya sneya (inazuia padi moja isilie ikitikiswa na nyingine), pandisha namba moja moja huku unapiga kiki. Usiruke namba tano kwa mkupuo, ukizidisha itaanza kumeza yale mapigo madogo ya sneya.

FimboMbili

Ilikuwa kishikio. Nati ilikuwa inazunguka kwa vidole tu. Ngoja nifunge, saa tatu na dakika ishirini na saba hii.